Nani anajua kwa nini? Historia fupi ya timu zilizotawanyika

Leo naweka kando habari za seva na Linux, tuzungumze historia. Usikimbie! Si historia ya wafalme na mikuki. Ni historia ya swali moja ambalo mtunga programu wa Nairobi, Mombasa au Eldoret anayefanya kazi na wenzake walio ng'ambo hatimaye hujiuliza: mbona wenzangu wanajua kwa nini kitu hiki kinajengwa hivi, na mimi naambiwa tu nikijenge?

Unaijua hali yenyewe. Asubuhi unawasha tarakilishi, unakuta kazi zimeandikwa zinakungoja: ongeza kisanduku hapa, ondoa kitufe pale, badilisha hesabu ya riba. Mkutano ulioamua hayo ulifanyika usiku ukiwa umelala. Unafanya kazi, inapokelewa, unalipwa. Hakuna aliyekudhulumu. Lakini mkataba ukiisha unaondoka na mshahara wako tu, maana sababu za kila uamuzi zimebaki kule zilikotoka. Na programu ile ikisumbua baada ya miaka miwili, aliye nayo hapa hawezi kuitibu, ataibandika viraka tu.

Jambo hili lina historia ndefu kuliko wengi wetu tunavyodhani, na sehemu moja muhimu ya historia hiyo ilitokea hapa kwetu, Eldoret. Twende polepole.

Barua za mwaka 1969

Tuanze zamani kidogo. Mwaka 1969 ARPA, shirika la utafiti la wizara ya ulinzi ya Marekani, lilikuwa likifadhili mtandao wa kuunganisha tarakilishi za mahali panne: Chuo Kikuu cha California kilichoko Los Angeles (UCLA), kile cha Santa Barbara, Chuo Kikuu cha Utah na taasisi ya utafiti ya Stanford. Kazi ya kuamua jinsi mashine hizo zitakavyozungumza iliwaangukia vijana, wengi wao wanafunzi wa uzamili. Walikaa mbalimbali, hawakuwa na mkubwa mmoja wa kuwaamulia, na mtandao ambao ungewasaidia kuwasiliana ndio huohuo waliotakiwa kuujenga!

Tarehe 7 Aprili 1969 Steve Crocker wa UCLA alitoa waraka wa kwanza. Aliuita ombi la maoni, na kwa herufi za Kiingereza ukajulikana kama RFC 1. Jina lilichaguliwa kwa makusudi. Hawa walikuwa vijana wasio na cheo, hawakutaka kuonekana wanatoa amri. Waraka wa tatu, uliotoka mwezi huohuo, uliweka kanuni za kuandika, nazo ni za ajabu hata leo. Wazo lolote linakubalika hata kama halijaiva. Swali lisilo na jibu linakubalika. Msimamo usio na mfano unakubalika. Urefu wa chini kabisa ni sentensi moja.

Kwa nini kanuni legevu namna hiyo? Walijua kwamba mtu akiona jambo limeandikwa hulichukulia kama hukumu iliyokwisha kutolewa, na mwandishi naye huogopa kuandika mpaka awe na uhakika. Matokeo yake ni kwamba mawazo hubaki vichwani. Basi wakaifanya karatasi iwe mahali pa kuwaza pamoja.

Nyaraka hizo zilisafiri kwa posta, kwa bahasha na stempu. Ujumbe wa kwanza kati ya UCLA na Stanford ulipita tarehe 29 Oktoba 1969, na kufikia Desemba mahali pote panne palikuwa pameunganishwa. Mfululizo wa RFC haujakoma hadi leo, umeshapita namba 9000. Ukitaka kujua kwa nini sehemu fulani ya intaneti iko jinsi ilivyo, mara nyingi utaikuta sababu yake imeandikwa humo.

Mita 50 na wataalamu watatu

Miaka hiyohiyo watu wengine walikuwa wakichunguza kile ambacho umbali hukifanya kwa kazi. Wa kwanza ni Melvin Conway, Mmarekani, ambaye mwaka 1968 alichapisha makala katika jarida la Datamation. Hoja yake: shirika likibuni mfumo, mfumo huo utafanana na njia ambazo watu wa shirika hilo huzungumza wao kwa wao. Vikundi vitatu visivyoelewana vitakupa programu yenye vipande vitatu visivyoelewana. Fred Brooks aliliita wazo hilo sheria ya Conway katika kitabu chake cha 1975, na jina likaganda.

Wa pili ni Thomas Allen wa chuo cha MIT. Alifuatilia wahandisi katika maabara kadhaa, akihesabu ni mara ngapi wanazungumza mambo ya kazi, kisha akapima umbali kati ya meza zao. Kitabu chake cha 1977 kinaonyesha kwamba mazungumzo hupungua kwa kasi kadiri meza zinavyoachana, na baada ya mita 50 hivi huwa yamebaki machache mno. Mita 50, ndugu msomaji! Hiyo haifiki hata upande wa pili wa uwanja wa mpira. Kwa hesabu ya Allen, aliye ghorofa nyingine tayari yuko mbali.

Wa tatu ndiye ninayempenda zaidi, Peter Naur wa Denmark. Mwaka 1985 aliandika kwamba kutunga programu ni kujenga nadharia kichwani: kuelewa jinsi programu inavyohusiana na mambo ya dunia inayoyashughulikia, na kwa nini kila sehemu yake iko hivyo. Alitoa mfano wa kikundi kimoja kilichotengeneza kikusanyi, yaani programu ya kugeuza msimbo kuwa lugha ya mashine. Kikundi cha pili kilitaka kukipanua. Kilipewa msimbo wote, maelezo yote yaliyoandikwa, na ruhusa ya kuwauliza wa kwanza. Hata hivyo mapendekezo yake mara kadhaa yalikuwa viraka vya kuharibu umbo zuri la kazi ya awali. Wale wa kwanza waliliona hilo mara moja, na wakaonyesha njia rahisi iliyokuwa imo ndani ya programu tangu mwanzo.

Naur alitoa hitimisho chungu: wenye nadharia wakiondoka, programu imekufa, hata kama bado inafanya kazi. Weka hilo akilini, tutalihitaji tukifika Eldoret.

Chumba kimoja Michigan

Sasa tufike kwenye ajaili. Neno lenyewe kwa Kiingereza maana yake ni wepesi wa kugeuka, kama mchezaji wa mpira anayebadili mwelekeo bila kuanguka.

Katikati ya miaka ya 1990 kampuni ya magari ya Chrysler, jimbo la Michigan, ilikuwa ikijenga mfumo mpya wa kulipa mishahara, mradi uliofahamika kwa ufupi kama C3. Kazi ilikwama. Mwaka 1996 aliitwa Kent Beck, naye akamleta Ron Jeffries. Walifanya mambo yaliyoonekana ya kichaa. Watunga programu walikaa wawili wawili kwenye tarakilishi moja. Majaribio ya kiotomatiki yaliandikwa pamoja na msimbo. Mahitaji yaliandikwa kwenye kadi ndogo kama hadithi fupi, na aliyezijua hesabu za mishahara alikaa nao ili aulizwe papo hapo. Mwaka 1997 mfumo ulianza kuwalipa wafanyakazi wapatao 10,000. Haukufika mbali zaidi, kwa maana Chrysler iliungana na Daimler mwaka 1998 na mradi ukasimamishwa mwaka 2000. Lakini njia yake, Extreme Programming, ilikwisha kutoka nje kupitia kitabu cha Beck cha 1999.

Angalia vizuri maarifa yalivyosambaa katika chumba kile. Kadi haikuwa na maelezo kamili, ilikuwa ahadi tu ya kuzungumza. Ukikaa na mwenzako kwenye kibodi moja unajifunza anachojua bila darasa. Na ukiwa kwenye meza yako unasikia kwa pembeni wengine wakibishana juu ya kodi ya mapato, unadaka neno, unaingilia kati. Alistair Cockburn, mwanazuoni mwingine wa mambo haya, alieleza kwamba habari katika chumba kama hicho hupenya kama maji yanavyopenya kwenye ukuta wa udongo, bila mtu kuzituma.

Februari 2001 watu 17, wakiwemo Beck, Jeffries na Cockburn, walikutana Snowbird, kituo cha michezo ya theluji katika milima ya Utah, wakatoa azimio lao. (Sisi tukisikia azimio la Februari tunakumbuka Arusha 1967, lakini hili lilikuwa fupi zaidi.) Waliweka programu inayofanya kazi mbele ya nyaraka nene, na katika kanuni zao 12 mojawapo inasema kuwa njia bora ya kupeana habari katika timu ni mazungumzo ya ana kwa ana.

Kwa chumba kimoja, kanuni hiyo haina kasoro. Tatizo ni sisi tusiokuwa chumbani.

Wiki isiyo na siku saba

Watu husahau kwamba mmoja wa wale 17, Ward Cunningham, alikuwa amekwisha kutengeneza dawa ya umbali miaka sita kabla ya azimio. Tarehe 25 Machi 1995 alifungua tovuti aliyoiita WikiWikiWeb. Jina alilitoa kwenye basi la uwanja wa ndege wa Honolulu. Kwa lugha ya Hawaii, wiki ni haraka. Kwetu wiki ni siku saba, kwa hiyo katika makala hii nikitaka kusema siku saba nitasema juma, tusichanganyikiwe.

Tovuti hiyo iliruhusu mtu yeyote kubadilisha ukurasa wowote papo hapo. Cunningham aliijenga kwa ajili ya watunga programu waliokuwa wakikusanya mifano ya ubunifu mzuri, watu waliotapakaa miji mingi. Ukisoma kurasa zake za miaka ile utawakuta watu wa Extreme Programming wakibishana kwa maandishi kuhusu kadi, majaribio na kukaa wawili wawili. Naam, njia iliyosifu kuzungumza uso kwa uso ilinolewa na kuenezwa kwa maandishi kati ya watu wasiokaa pamoja! Roho yake ni ileile ya RFC 3: andika hata kama hujakamilisha, mwingine ataendeleza.

Chicago na Bangalore

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kampuni ya ThoughtWorks, yenye makao yake Chicago, ilifungua ofisi Bangalore, India. Makampuni mengi ya Marekani yalikuwa yakipeleka kazi India, na desturi ilikuwa kuandika mahitaji yote kwa kina, kuyatuma, kisha kungoja. ThoughtWorks ilitaka kufanya kazi kiajaili huku pande mbili zikitenganishwa na saa 10 na nusu au 11 na nusu. Martin Fowler, naye mmoja wa wale 17, aliandika makala ndefu kuhusu waliyojifunza na kuifanyia marekebisho mwaka 2006.

Baadhi ya mafunzo ni ya kiufundi. Msimbo wa pande zote uunganishwe na kujaribiwa mara kwa mara, usikae miezi ukitengana. Mahitaji yaelezwe kwa majaribio yanayoweza kuendeshwa, kwa sababu jaribio halina lafudhi. Wiki itumike kuweka mambo ya pamoja.

Lakini funzo kubwa lilihusu watu. Kila upande upeleke balozi kukaa upande wa pili kwa miezi kadhaa. Balozi huyo hajaenda kusimamia. Kazi yake kubwa ni kupeleka umbea, zile habari ndogondogo ambazo hakuna anayeziandika: nani ana wasiwasi, mteja alicheka nini, kwa nini kile kipengele kiliachwa. Fowler alishauri pia kazi igawanywe kwa sehemu za programu, isigawanywe kwa aina ya shughuli. Ukiweka wachambuzi Chicago na waandishi wa msimbo Bangalore, umewanyima Bangalore nadharia ya Naur. Ukiwapa Bangalore sehemu nzima, kuanzia mazungumzo na mteja hadi majaribio, watajenga nadharia yao wenyewe.

Eldoret na Indianapolis

Tumefika nyumbani. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, kilikuwa na ushirikiano wa udaktari na Chuo Kikuu cha Indiana. Mwaka 2001 zahanati ya Mosoriot, iliyo kusini mwa Eldoret kwenye barabara ya Kapsabet, ilianza kutumia mfumo wa tarakilishi wa kuweka rekodi za wagonjwa, uliojengwa kwa Microsoft Access. Mwaka huohuo ushirikiano ule ulianzisha AMPATH, mpango wa kutibu UKIMWI. Wagonjwa wakaongezeka hadi makumi ya maelfu, na mfumo wa zahanati moja haukuweza kubeba mzigo huo.

Mwaka 2004 madaktari wawili wa taasisi ya Regenstrief ya Indianapolis, Burke Mamlin na Paul Biondich, walifika Eldoret kuona tatizo. Wangeweza kulichunguza kwa barua pepe, lakini walikuja, wakaona fomu za karatasi zikijazwa na makarani wakiingiza data. Mwaka huohuo walikutana na Hamish Fraser wa shirika la Partners In Health la Boston, lililokuwa na mifumo yake ya rekodi Peru na Haiti, wakaona wanapambana na tatizo moja. Baraza la utafiti wa tiba la Afrika Kusini nalo likajiunga. Hivyo ndivyo OpenMRS, programu huria ya rekodi za wagonjwa, ilivyozaliwa. Ilianza kazi Eldoret Februari 2006 na Rwinkwavu, Rwanda, Agosti mwaka huo.

Fikiria mazingira yenyewe. Eldoret ikiwa saa tatu asubuhi, Indianapolis ni saa saba au saa nane usiku. Wakifika ofisini kule, huku ni saa kumi au kumi na moja jioni, watu wanatafuta matatu. Intaneti ya Kenya wakati huo ilitegemea setilaiti, ghali na ya kusuasua, maana nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM hazikufika Mombasa hadi 2009. Mazungumzo ya ana kwa ana ya Snowbird yangewezekana vipi hapo?

Walichanganya dawa zote tulizoziona. Palikuwa na wiki ya wazi, orodha za barua pepe, gumzo la IRC, na simu ya pamoja ya kila juma ambayo maafikiano yake yaliandikwa ili aliyekosa asome. Watu walisafiri. Mikutano ya wanaoitumia ilianza mapema, na ya mwanzo ilifanyika Afrika Kusini.

Lakini uamuzi uliosaidia zaidi kugawana maarifa ulikuwa ndani ya hifadhidata yenyewe. Katika mfumo wa kawaida, daktari akitaka kurekodi jambo jipya, tuseme dalili mpya au kipimo kipya, mtunga programu lazima aongeze safu kwenye jedwali na kubadili msimbo. OpenMRS ilifuata mtindo ambao Regenstrief iliutumia tangu miaka ya 1970: kamusi ya dhana. Kila swali na kila jibu ni ingizo katika kamusi, na anayeisimamia kamusi Eldoret anaweza kuongeza ingizo bila kugusa msimbo. Maana yake ni kwamba ujuzi wa mganga hauhitaji kuvuka bahari, ukafasiriwe na mtu asiyewahi kuona wodi, kisha urudi. Unaingia kwenye mfumo palepale ulipo.

Jambo la pili lilikuwa moduli. Kila nchi ingeweza kuongeza vipande vyake juu ya kiini bila kuomba ruhusa. Conway angetabasamu: timu zilizotawanyika zikajenga mfumo uliotawanyika, na safari hii kwa kukusudia.

Tusipambe mambo kupita kiasi. Miaka ya mwanzo sehemu kubwa ya msimbo wa kiini iliandikwa Marekani, na huku kwetu palikuwa mahali pa kuutumia. Kamusi ilikuwa mikononi mwetu, nadharia ya kiini haikuwa. Ilichukua miaka kubadilika. Mwaka 2007 mradi ulianza kupokea wanafunzi wa nchi mbalimbali kupitia Google Summer of Code, kila mmoja akiwa na mlezi wa kumfundisha. Partners In Health walifundisha vijana Rwanda kuandika programu kwa ajili ya mfumo huo. Timu ya AMPATH ya Eldoret ilianza kujenga vyake. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 ikaja KenyaEMR, iliyojengwa juu ya OpenMRS kwa ajili ya vituo vya afya vya Kenya. Leo kuna watu Uganda, Kenya na Rwanda wanaoandika na kupitia msimbo wa kiini. Walifika hapo kwa sababu mijadala ya miaka yote ilikuwa wazi mtandaoni. Kijana wa Kampala aliweza kusoma kwa nini jambo fulani liliamuliwa mwaka 2006 alipokuwa bado shuleni.

Kwa nini tujali sasa

Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na Julai mwaka huo shirika la USAID likafungwa. Kazi nyingi za afya hapa Kenya, hasa za UKIMWI, zilitegemea fedha hizo. Mikataba ilikatika ghafla na watu wakaenda nyumbani.

Hapo swali la Naur liliacha kuwa la darasani. Mfadhili akiondoka kesho, nani hapa anajua kwa nini? Seva inaweza kuhamishwa. Msimbo unaweza kunakiliwa kwa dakika chache, na kwa Git, aliyoianzisha Linus Torvalds Aprili 2005, kila nakala hubeba historia yake yote. Lakini ukiisoma historia hiyo ukakuta maelezo ya kila badiliko ni "nimerekebisha" na "nimerekebisha tena", umerithi mwili usio na kumbukumbu. Wanaoandika kiini cha Linux hawakubali kiraka kisichoeleza sababu yake. Ubahili huo wa kupokea umewafaa sana.

Kuna desturi nyingine rahisi, ambayo Michael Nygard aliieleza mwaka 2011: kila uamuzi mkubwa wa ubunifu uandikwe ukurasa mmoja au miwili, ukakae pamoja na msimbo. Hali ilikuwaje, tuliamua nini, na uamuzi huo utatuletea nini, kizuri na kibaya. Uamuzi ukibadilika, ukurasa wa zamani haufutwi. Unaandikwa mpya na ule wa kwanza unatiwa alama kwamba umepitwa. Anayekuja anaona njia nzima.

Na kuna moja inayotuhusu sisi hasa. Ofisi nyingi za Nairobi hubishana kwa Kiswahili na Sheng, halafu huandika kwa Kiingereza. Kwenye mabishano, sababu zote hutoka: mteja huyu hana umeme wa uhakika, yule karani hutumia simu yake mwenyewe, M-Pesa hurudisha jibu likiwa limechelewa. Ukifika wakati wa kuandika, mtu anachoka kutafuta Kiingereza chake, anaandika uamuzi tu. Sababu zinabaki kwenye vikombe vya chai. Upande wa ng'ambo unasoma uamuzi mkavu na kudhani hatukufikiri. Basi kama Kiingereza kinakukwaza, andika sababu kwa Kiswahili kwanza, tafsiri baadaye. Iliyoandikwa kwa Kiswahili inaweza kutafsiriwa na mtu mwingine. Isiyoandikwa haina wa kuitafsiri.

Upande wa pili nao una deni. Anayetuma kazi bila sababu anajiokolea dakika tano leo, na kumwachia mwenzake siku nzima ya kubahatisha. Mwombeni sehemu nzima ya programu, pamoja na mteja wake, badala ya vipande. Mwombeni balozi aje akae nanyi, na mmoja wenu aende. Wakikataa yote hayo kwa sababu ya gharama, bado kuna jambo lisilo na gharama. Kazi ikija kesho asubuhi, kabla ya kuandika msimbo, jibu chini yake uulize imetoka wapi na inatatua shida ya nani. Jibu likija, libandike kwenye maelezo ya badiliko lako liishi humo.

Sentensi moja inatosha. Wale vijana wa 1969 walisharuhusu.